Mtoto Mwenye Kifafa



Jioni hii nataka kusema nanyi habari za ugonjwa ambao watu wengi huutaja kwa kunong'ona. Ugonjwa huo ni kifafa. Mimi si daktari. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Lakini ugonjwa huu huingia shuleni pamoja na watoto wetu, na aghalabu mzazi na mwalimu hukutana nao kabla ya daktari. Neno langu kubwa ni moja, nami nalisema mwanzoni lisije likapotea: kifafa hakiambukizi. Hofu ya kuambukizwa ndiyo imwachayo mtoto motoni, ndiyo imtoayo shuleni, tena ndiyo imnyimayo dawa.

Fikirini nyumba moja ya kijijini, wakati wa kupika chakula cha jioni. Chungu ki juu ya mafiga, na msichana wa miaka 9 ameketi karibu akichochea kuni. Mara apiga ukelele, macho yageuka, aanguka, na mkono wake mmoja waingia katika makaa. Mwili wakakamaa, kisha watikisika kwa nguvu. Povu latoka kinywani. Waliopo waruka nyuma. Mtoto mwenyewe hana habari, wala hawezi kuuvuta mkono wake, kwa kuwa fahamu zimempotea. Mtu mzima mmoja angetosha kumwondoa pale kwa kumvuta mara moja. Hamvuti, kwa sababu tangu utoto wake ameambiwa kwamba agusaye povu la kifafa atakipata naye. Mwili watulia baada ya dakika 2 au 3. Jeraha la moto lakaa naye maisha yake yote.

Mambo haya si ya kufikiri tu. Mahenge ni mji ulio mlimani, katika wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Huko, mwaka 1960, daktari mmoja mwanamke aliyezaliwa Norway, jina lake Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya watu wenye kifafa. Aliwakuta wagonjwa wengi miongoni mwa Wapogoro wenye makovu makubwa ya moto. Wengine walikaa mbali na jamaa zao, wakila peke yao katika vyombo vyao wenyewe, kwa kuwa watu waliyaogopa mate yao. Daktari huyo aliwagusa kwa mikono yake, akawapa vidonge, na wengi wao wakapata nafuu kubwa. Tangu siku zile, madaktari na wauguzi wengi sana katika nchi nyingi wamewashika wagonjwa wa kifafa, wamewafuta povu, wamewainua. Wala haijaonekana kwamba mtu amepata kifafa kwa kugusa mate, au kwa kula sahani moja, au kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa.

Basi kifafa ni kitu gani? Ni ugonjwa wa ubongo. Ndani ya ubongo zimo chembe nyingi mno, nazo hupelekeana habari kwa nguvu ndogo sana za umeme. Daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu mwaka 1924 kuuandika umeme huo wa ubongo wa mtu kwa chombo maalumu. Fananisheni ubongo na darasa lenye wanafunzi wengi. Wakisema mmoja mmoja kwa zamu yao, masomo yaendelea vizuri. Lakini ikiwa wote watapiga kelele kwa mara moja, hakuna asikiaye, na kazi yasimama mpaka watulie. Ndivyo ilivyo wakati wa kuanguka. Chembe za ubongo zatoa umeme wake pamoja, pasipo utaratibu. Mwili watikisika, na fahamu zatoweka. Kisha zatulia, naye mtoto aamka amechoka, kichwa chamwuma, tena aona haya kwa mambo asiyoyajua.

Msidhani kwamba ni sisi tu tuliokosa kuuelewa ugonjwa huu. Wagiriki wa kale waliuita ugonjwa mtakatifu, wakisema kwamba watoka kwa miungu. Yapata miaka 400 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, kitabu kimoja kati ya maandiko yahesabiwayo kuwa ya Hippocrates kiliwapinga, kikisema kwamba ugonjwa huo ni kama magonjwa mengine, na kwamba asili yake ni ubongo. Hata hivyo hofu haikuisha upesi. Huko Marekani, mpaka miaka ya 1970, sheria iliruhusu mtu mwenye kifafa azuiwe kuingia katika hoteli za chakula na majumba ya michezo.

Wako watakaoniambia: "Mwalimu, wewe ni mtu wa dini. Je, katika Injili hatusomi habari za mvulana aliyetupwa na pepo katika moto na maji?" Ndiyo, twasoma. Lakini angalieni baba yake alifanya nini. Hakumficha ndani, alimleta mbele ya mkutano wote akaomba msaada. Ndugu zetu Waislamu nao wanayo Hadithi ya mwanamke aliyekuwa akianguka, naye alikwenda mwenyewe kwa Mtume akamweleza shida yake. Hakufukuzwa, aliahidiwa Pepo kwa ajili ya subira yake. Sala haikatazi dawa, na mzazi aombaye kwa Mungu aweza kuomba akiwa njiani kwenda hospitali. Taabu ni kwa yule auzaye mbuzi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, akitafuta ni nani aliyemroga mwanawe, na huku miaka yapita na mtoto azidi kuanguka. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

Sababu za kifafa ni nyingi. Watoto wengine hukipata kwa kuwa walizaliwa kwa shida, wakakosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine waliumia kichwa. Wengine waliugua malaria iliyopanda ubongoni, au homa ya uti wa mgongo, wakapona lakini ubongo ukabaki na kovu. Mara nyingine kimo katika ukoo, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa.

Iko sababu nyingine inayofaa kujulikana sana mahali wafugapo nguruwe. Mtu alaye nyama ya nguruwe yenye vijidudu, isiyoiva vizuri, hupata mnyoo mrefu tumboni, uitwao tegu. Mayai ya tegu hutoka pamoja na choo cha mtu huyo. Kama choo hicho kimeachwa vichakani, mayai yaingia katika maji na mboga, au yabaki mikononi. Na mtu ayamezaye aweza kupata vifuko vya tegu katika ubongo wake, hata ikiwa yeye mwenyewe hajaonja nyama ya nguruwe maisha yake. Vifuko hivyo huleta kifafa. Tena katika nchi zenye mito iendayo kasi, kama huko Mahenge na sehemu za kaskazini ya Uganda, wako inzi wadogo waenezao ugonjwa wa usubi, na wataalamu wameona kwamba penye usubi mwingi kifafa nacho ni kingi. Basi mtu achimbaye choo, anawaye mikono, apikaye nyama ikaiva, alazaye watoto ndani ya chandarua, na amezaye dawa ya usubi igawiwapo, huyo ameanza kupigana na kifafa kabla hakijamfikia mtoto wake.

Hapa sina budi kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtoto mchanga, tangu miezi 6 mpaka miaka 5, aweza kushikwa na degedege wakati wa homa kali. Katika pwani ya Tanzania wako wasemao kwamba degedege huletwa na pepo mwenye sura ya ndege, nao humfukiza mtoto moshi kwanza. Degedege la homa aghalabu si kifafa, na watoto wengi hawarudiwi wakiisha kukua. Lakini homa ile yaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na magonjwa hayo huua kwa muda mfupi. Kwa hiyo mtoto mwenye degedege apelekwe kwa daktari saa ile ile, usiku au mchana. Kifafa ni kule kuanguka kunakorudi tena na tena, hata siku ambazo mwili hauna homa.

Tena si kila kifafa chaangusha mtu. Sasa nasema hasa na walimu wenzangu. Yuko mtoto asomaye vizuri, kisha mara anyamaza katikati ya sentensi. Macho yake yatazama mbele pasipo kuona. Kope zake zapepesa. Baada ya nukta 10 aendelea, wala hajui kwamba alinyamaza. Jambo hili laweza kumpata mara nyingi kwa siku moja, naye hupotewa na nusu ya maneno ya mwalimu. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, au mwenye kusinzia, humchapa. Kiboko hakiwezi kutuliza umeme wa ubongo. Mwalimu aonaye mambo haya na aandike siku na saa, kisha awaite wazazi wa mtoto, awaeleze kwa upole na kwa faragha. Huko Mahenge, na katika Uganda na Sudan Kusini, wako pia watoto ambao vichwa vyao huinama mara kwa mara, hasa wakati wa kula, kama mtu asinziaye. Nao ni wagonjwa. Wapelekwe kwa daktari.

Sasa nawaombeni mshike haya nitakayosema juu ya mtoto aangukaye, maana yaweza kufanywa na mtu ye yote, hata mwanafunzi.

Kwanza, usikimbie. Mwondoe mtoto penye moto, maji au kitu chenye makali. Weka kitu laini chini ya kichwa chake, kama kanga au koti lililokunjwa. Legeza nguo iliyombana shingoni. Mgeuze alale kwa ubavu, ili mate yatoke nje yasimpalie. Watu wasimsonge, apate hewa. Tazama saa kama unayo.

Usimshike kwa nguvu ili kuzuia mwili usitikisike, waweza kumvunja. Usitie kijiko, wala kijiti, wala kidole kinywani mwake. Huko ndiko kuvunja meno, na ulimi haumezwi kama watu wasemavyo. Usimpe maji wala dawa mpaka fahamu zimrudie. Akiisha kuamka, kaa naye, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba yote yamekwisha, mpe nguo safi kama amejikojolea, mwache apumzike. Lakini kutikisika kukipita dakika 5, au kukianza tena kabla hajapata fahamu, au akiwa ameumia, apelekwe hospitali upesi. Haya ni mambo ambayo darasa zima laweza kujifunza kwa nusu saa, nami naona kwamba yafaa kila darasa lijifunze.

Nije katika dawa. Shirika la Afya Ulimwenguni lakisia kwamba watu yapata milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu watu 8 katika kila 10 kati yao wakaa katika nchi zisizo tajiri. Tena lasema kwamba watu 7 katika kila 10 waweza kuishi pasipo kuanguka, ikiwa wamepimwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa iitwayo fenobabitoni imejulikana kuwa yafaa kwa kifafa tangu mwaka 1912, nayo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo. Ziko nyingine pia, kama kabamazepini na valpoeti. Ni kazi ya daktari kuchagua; na mzazi wa msichana aliyekwisha kukua amwulize daktari wazi habari za valpoeti, kwa sababu yaweza kumdhuru mtoto tumboni ikiwa msichana huyo atachukua mimba.

Dawa ya kifafa si kama dawa ya malaria, ambayo mtu huimeza siku chache ikawa basi. Hii humezwa kila siku, saa zile zile, mwaka hata mwaka. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Mtoto amekaa miezi 3 pasipo kuanguka, baba asema, "Amepona, tusiharibu fedha." Dawa yaachwa ghafula, na kifafa charudi kwa nguvu, hata mara nyingine mtoto aanguka mfululizo pasipo kupata fahamu, na kuanguka kwa namna hiyo kwaweza kuua. Aghalabu madaktari hawafikiri habari za kupunguza dawa mpaka mtoto amekaa miaka 2 au zaidi pasipo kuanguka, na hata hapo huipunguza kidogo kidogo. Mzazi asiache kwa shauri lake mwenyewe. Vidonge vinapokaribia kwisha, nenda ukatwae vingine vingali vimebaki vya siku kadhaa. Nunueni daftari moja dogo. Andikeni kila siku kwamba dawa imemezwa, na kila mara mtoto aangukapo andikeni tarehe na saa na muda. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo mengi ya kukumbuka. Kama wazazi hawajui kuandika, mtoto wa shule katika nyumba hiyo aweza kuwa karani wao.

Na nyumbani, mtoto huyu alelewe namna gani? Yako makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumtupa: asile na wenzake, asiende shule, afichwe wageni wakija. Kosa la pili hutoka katika upendo, nalo ni kumfunga: asicheze, asifanye kazi yo yote, asikanywe hata akikosa, kwa hofu ya kwamba ataanguka. Mtoto alelewaye hivyo atakua akidhani kwamba hawezi neno lo lote. Njia iliyo njema ni kuondoa hatari na kumwachia maisha. Jengeni jiko lililoinuka au lenye kuta za udongo kando, na mtoto huyu apewe kazi ya kuchambua mboga, asipewe ya kukaa penye moto wazi. Asioge mtoni wala baharini peke yake. Asipande mnazi wala mwembe. Alale chini au katika kitanda kifupi. Apate usingizi wa kutosha, maana kukesha huamsha kifafa. Zaidi ya hayo, achote maji kwa ndoo pamoja na wenzake, acheze, afagie, asome, akanywe akikosa, asifiwe akifanya vema.

Juu ya shule yote, nasema hivi: mtoto mwenye kifafa ana haki ya kukaa darasani kama mwenzake. Wengi wao wana akili sawasawa na watoto wengine. Wengine hujifunza polepole, labda kwa ajili ya ugonjwa wenyewe au kwa ajili ya dawa, nao wahitaji subira. Mrusi Fyodor Dostoevsky, aliyeishi tangu mwaka 1821 mpaka 1881, alikuwa na kifafa, naye ahesabiwa katika waandishi wakubwa wa dunia. Mwalimu mkuu amfukuzaye mtoto kwa sababu wazazi wengine wamelalamika hatoi ulinzi kwa wale watoto wengine, kwa kuwa hapakuwa na hatari yo yote ya kuwalinda nayo. Na awaite wazazi hao, awafundishe haya tuliyosema jioni hii. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akianguka, msimcheke wala msimpe jina la dhihaka. Mtoto aweza kuvumilia ugonjwa kwa miaka mingi. Dhihaka ya rafiki zake yaweza kumfanya aache shule kwa siku moja.

Nawageukia akina mama, ambao aghalabu ndio wanaolaumiwa. Mtoto akiwa na kifafa, jamaa wa mume husema, "Umekileta kutoka kwenu." Mama, hukufanya dhambi wala hukumroga mwanao. Na wewe baba, usimwachie mkeo mzigo huu peke yake. Mtoto wenu ahitaji mtu wa kwenda naye kliniki kila mwezi, na safari hiyo mara nyingi ni ndefu, na kazi ya shamba yangoja. Mkipokezana, dawa haitakatika. Mama akibaki peke yake, itakatika siku atakayougua yeye.

Wasikilizaji wangu, labda mwamjua mtoto wa namna hii katika kijiji chenu. Huenda yu ndani ya nyumba hivi sasa wenzake wakicheza nje. Kesho nendeni mkawaamkie wazazi wake. Msiende na maneno mengi. Mpeni mtoto mkono, kaeni naye, kuleni naye sahani moja mbele ya watu, kisha waambieni wazazi siku ya kliniki na njia ya kwenda. Majirani wakiona kwamba mmekula naye na hamkupatwa na neno, watajifunza kwa macho yao, nao mtoto atakapoanguka tena hatakosa mtu wa kumvuta penye moto.

Kwaherini, Mungu awalinde.